Mtindo wako ukianza kuvuma

Wewe unayeanza kutengeneza muziki wa kielektroniki wa andagraundi, jiandae: siku moja mdundo mnaouchezea usiku, watu themanini chumbani, utausikia kwenye tangazo la simu. Nimepitia hapo, na nilijikwaa mahali ambapo ungeweza kupaona mapema.

Wimbi likija halibebi mtindo mzima. Linanyofoa kipande kimoja, kile kinachonasa haraka, kisha kipande hicho kinapewa jina la mtindo wote. Watu wakikichoka, mtindo wote unahesabiwa umekufa. Husemwa ngoma ikivuma sana hupasuka. Sawa, ila hupasuka pale pale inapopigwa.

Chukua dubstep, mtindo wa muziki wa kielektroniki. Ilizaliwa kusini mwa London, Croydon hasa, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kasi yake ni biti 140 kwa dakika, lakini katika kila mapigo manne snea, ile ngoma yenye mlio mkali, huangukia pigo la tatu tu, kwa hiyo mwili unaitikia kama 70. Katikati panaachwa wazi. Chini kabisa kuna besi ya hertz 40 hadi 60 hivi, inayogonga kifua kabla ya sikio. Ma-DJ Mala, Coki na Loefah walipoanzisha usiku wa klabu ulioitwa DMZ kule Brixton, London, mwaka 2005, watu walifuata besi hiyo.

Sasa jiulize, spika ya simu inatoa nini kwenye hertz 50? Karibu hakuna. Muziki ulipohamia kwenye simu na kompyuta mpakato, kilichosafiri ni kile ambacho spika hizo zinaweza kukitamka: mngurumo wa sauti za kati, kichujio kinachofunguka na kufunga mfululizo, wau-wau-wau. Skrillex, prodyuza wa Marekani, aliuchukua mngurumo huo akatoa Scary Monsters and Nice Sprites mwaka 2010, na Februari 2012 akaondoka na Grammy 3. Simlaumu hata kidogo. Fundi ni fundi, na wengi tuliingia kwa mlango wake.

Shida ni kwamba mimi nilibaki mlangoni. Karibu mwaka mzima nilitengeneza mingurumo tu, folda nzima. Promota mmoja alinipa saa nzima kwenye ratiba yake, kisha wiki mbili kabla akanipigia: "Kaka, hiyo staili bado ipo kweli?" Nikatolewa. Nilikasirika, nikafungua projekti zangu kujithibitishia kwamba yeye ndiye hajui muziki. Nikazima chaneli ya mngurumo. Kilichobaki ni kiki (ile ngoma nzito ya chini), snea, na sauti ya matoazi niliyoichukua kama ilivyo kwenye programu. Projekti ya pili, hivyo hivyo. Ya tano nikaacha kufungua.

Nawe fanya jaribio hilo leo: zima ile sauti ambayo kila mtu anaitaka, uone kama wimbo bado unatembea.

Jangle (jungle), mtindo wa Uingereza wa ngoma za kasi, ilipita humo mapema zaidi. Mwaka 1994, "Incredible" ya M-Beat na General Levy iliingia kumi bora za Uingereza, na ndani ya jangle kukazuka ugomvi mkubwa, wengine wakamsusia Levy. Ugomvi ule haukuujenga muziki. Waliousogeza mbele ni wale walioendelea kukatakata ngoma za rekodi za zamani, pigo kwa pigo, hadi zikawa kitu kipya. Mwaka 1997 Roni Size na kundi lake Reprazent wakachukua Mercury, tuzo ya albamu bora ya mwaka Uingereza. Linganisha na "Harlem Shake" ya prodyuza Baauer: Februari 2013 ilishika namba 1 Marekani kwa nguvu ya video za sekunde 30 hivi. Sidhani kama wengi waliicheza wakijua wimbo una dakika ya pili.

Neno andagraundi lenyewe linatuponza. Kwa Kiswahili msanii wa andagraundi ni yule ambaye "hajatoka", kana kwamba chini ni chumba cha kusubiria. Wengine wako huko kwa sababu sabufa nzuri ziko huko.

Wanaokuja na wimbi msiwatukane. Wachache kati yao watabaki, na mtawahitaji chumba kikirudi kuwa cha watu themanini. Na mteja akikuomba remiksi "iwe kama ile inayovuma", ifanye, lakini chukua pesa kwanza. Ukichelewa wiki tatu, atakuwa anataka nyingine.