Unayeanza kusanifu minara ya mitambo ya upepo, anza na barabara

Wengi wanaoingia kazi hii huja na michoro ya maumbo mapya kabla hawajauliza mnara utapita njia gani kufika utakaposimama. Nawasihi, ulizeni hilo kwanza.

Juu kuna upepo wenye kasi zaidi, na kasi ikiongezeka maradufu nguvu iliyomo kwenye upepo hupanda mara nane. Ndiyo maana kila mradi unataka mnara mrefu, na mnara mrefu hudai kitako kipana. Lakini bomba la chuma lenye kipenyo kinachozidi takriban mita 4.3 mara nyingi halipiti chini ya madaraja ya barabara kuu. Ukibanwa hapo, huna budi kuongeza unene wa chuma, jambo ghali lenye faida ndogo: kipenyo maradufu kwa unene uleule huongeza ugumu wa kutopinda mara nane, unene maradufu huongeza mara mbili tu. Piga hesabu hiyo kwa mkono wako, pamoja na ile ya ukuta mwembamba kubonyea.

Ukishaielewa, utaona kwamba ubunifu mwingi ni namna ya kulikwepa daraja. Kampuni ya Vestas ya Denmark hugawa sehemu za chini kwa wima, zikaunganishwa kwa bolti kwenye eneo la ujenzi. Kampuni ya Max Bögl ya Ujerumani huweka pete za zege chini na chuma juu; kule Gaildorf, mwaka 2017, kitovu cha mtambo, pale mapanga yanapoungana, kilifika mita 178. Kampuni ya Modvion ya Sweden hubandika tabaka za mbao kwa gundi, na mwaka 2023 ilisimamisha mnara wa mita 105 karibu na mji wa Skara. Huo nauheshimu sana, kwa sababu vipande vyake hupita barabarani bila shida na mbao ni nyepesi kwa nguvu zake.

Umbo likishapatikana, kagua mtikisiko. Mapanga matatu yakizunguka mara 12 kwa dakika, mnara husukumwa mara 36, kila panga linapoupita. Mtikisiko wake wa asili, yaani mara ambazo mnara huyumba wenyewe kwa dakika ukisukumwa, ukilingana na 12 ya mizunguko au 36 ya mapanga, chuma kitachoka mapema, hata kama hesabu za uzito zilikubali.

Halafu viungo. Kila bolti unayoichora ni ya kukazwa na kukaguliwa miaka 20 au zaidi. Kabla ya kupitisha mchoro, mwonyeshe fundi mkazaji, umuulize kama mkono na kifaa chake vitafika pale.