Ukitaka kuwaona ndege wa kaskazi, tazama mwezi kwanza

Kila Januari, kaskazi ikivuma na jua la Mombasa likiwa kali, mimi huenda matembezi kwenye mikoko ya Jomvu Kuu. Siku hizo Siberia yote ni theluji, na ndege wa huko wamekuja kula kwetu. Kusi ikikaribia, mwezi wa nne, wengi huwa washaondoka.

Kabla ya kupanga siku, tazama mwezi. Ukiandama au ukiwa mpevu ndipo maji huwa ya bamvua, yaani hujaa sana na kupwa sana, na hapa kwetu bamvua hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi. Wengi hufika saa hiyo hiyo, wakakuta ndege wametawanyika mbali kwenye tope, wakarudi wamechoka bure. Wewe fika mapema, tembelea maua, kisha ungoje maji yaanze kujaa. Yakijaa huwasukuma ndege mpaka ulipoketi.

Maua ya mchu, aina ya mkoko, ni madogo, rangi ya manjano, lakini nyuki watakuonyesha yalipo. Mlilana, mkoko mwingine, ndio ninaoupenda zaidi. Ua lake hufunguka jioni, likazuriwa na nondo na popo usiku, na asubuhi utakuta nyuzi zake nyeupe zimemwagika juu ya tope kama pamba. Inama uziokote, zingali na unyevu.

Kisha mtafute ndege aitwaye sululu. Jina lake ni la haki, maana mdomo umepinda kama sululu ya kuchimbia. Nilimwona mmoja akiutia wote shimoni, akageuza kichwa kidogo, akatoka na kaa. Alimtikisa mpaka gando likakatika, akammeza. Usimkaribie wala usimrushie kitu: anatafuta mafuta ya safari ndefu ya kurudi.

Usivae ndara, tope litazing'oa na magamba ya chaza yatakukata. Vaa viatu vya kufunga. Na usivuke mkondo wowote, hata ukiwa wa kifundoni. Mwaka mmoja niliuvuka nikifuata kundi la vitwitwi, nikasahau nyuma. Mzee mvuvi akanipigia kelele, "Mwanangu, maji yaja hayo!" Nilirudi maji yakinifika kiunoni, mguu mmoja umenasa topeni, na mzee akanivuta kwa upondo wake. Tangu hapo hukaa upande wa kijijini, na ikifika saa sita na nusu huwa nishatoka.