Ombudsmani anayejisifu kwamba "haoni tofauti"

SWALI: Nimeteuliwa hivi karibuni kuwa ombudsmani, yaani msikilizaji wa malalamiko asiyeegemea upande, wa taasisi yenye wafanyakazi wa asili, dini na lugha nyingi. Mmoja alinieleza kwamba mawazo yake hupuuzwa vikaoni mpaka mwenzake ayarudie, na anaamini chanzo ni asili yake. Nilimjibu kwamba mimi sipendelei upande, kwa hiyo mambo ya asili tuyaweke kando, tuzungumzie kazi. Hajarudi tena. Nilikosea? Na je, tuweke ombudsmani wa kila kundi?

JIBU: Ulikosea, na wengi hujikwaa papo hapo. Kila nikikaa na wageni wa kazi hii, hakosi mmoja wa kutamba kwamba yeye haoni rangi, dini wala jinsia. Kutopendelea maana yake humtetei mlalamikaji wala bosi wake. Unachotetea ni utaratibu wa haki. Katika kanuni za International Ombudsman Association, chama cha kimataifa cha maombudsmani, jambo hilo linakwenda pamoja na uhuru, usiri na kufanya kazi nje ya taratibu rasmi. Hakuna panapokuagiza umkate mtu kauli anapotaja kinachomuuma. Ulipomwambia aweke asili yake kando, ulikwisha kuamua kwamba anavyolielewa tatizo lake sivyo. Huko ndiko kuegemea upande.

Mary Rowe, aliyeanza kazi MIT, chuo kikuu cha Marekani, mwaka 1973 na kuwa ombudsmani pale kwa miongo kadhaa, aliandika sana kuhusu dhuluma hizi ndogondogo: zinapita haraka, ni ngumu kuthibitisha, na mara nyingi anayezitenda hana hata habari. Kamati ya nidhamu itazishikia wapi? Utaleta ushahidi gani kwamba fulani alisema na watu wakatazama simu zao? Ofisi yako ndiyo mahali pake.

Ungemuuliza anataka nini. Huenda anataka kujipanga jinsi ya kumweleza mwenyekiti mwenyewe. Huenda anataka wewe ndiye uzungumze na mwenyekiti, ili kumbukumbu za kikao zionyeshe wazo limetoka kwa nani. Na kama anataka taasisi ijue rasmi kwamba anabaguliwa, mwambie bila kuzungusha: kukueleza wewe si kuiarifu taasisi. Aende kwenye idara husika mapema, muda wa kulalamika usije ukampita.

Na usije ukamwahidi kwamba utalifikisha "bila kutaja jina" ukadhani umemlinda. Ikiwa yeye ndiye pekee wa asili ile idarani, jina la nini tena? Ukisema tu kwamba kuna mtu anahisi hasikilizwi kwa sababu ya asili yake, wote wanageuka kumtazama. Ama uzungumzie uendeshaji wa vikao vya taasisi nzima, ama akuruhusu baada ya kumweleza hatari yenyewe. Kwa sababu hiyohiyo usimfuate mezani kwake kumwomba radhi.

Ombudsmani wa kila kundi, hapana. Ofisi ikiwa na watu mchanganyiko ni vizuri, ila anayekuja ndiye achague wa kuzungumza naye. Mwanamke pekee wa ofisi akitupiwa kesi zote za wanawake, yeye atalemewa na wenzake hawatajifunza kitu.

Walionichosha hasa ni wauza semina za nusu siku. Watu wa kule hawapendi kutazamwa machoni, wa dini hii usiwaulize lile, haya chukua cheti. Mtu anakuja na shida yake, wewe unaisikiliza orodha uliyopewa semina. Nimekuta ofisi zilizolipia mafunzo hayo mwaka baada ya mwaka, na wafanyakazi waliokusudiwa hawajawahi kubisha hodi.

Jamaa zao ni wakuu wanaotaka jedwali: wamekuja wangapi wa kundi gani, kutoka idara ipi, eti kwa ajili ya ujumuishi. Kisanduku cha jedwali chenye tarakimu 1 ni sawa na kutaja jina la mtu. Unganisha idara, unganisha miaka, au eleza kwa maneno aina ya malalamiko yanayojirudia. Wakishikilia jedwali, kataa, na ukatae kwa maandishi.