Wanaochota maji mtaroni wanatafuta nini: jibu kwa ndugu wa Jang'ombe

Assalaam aleikum wana jukwaa. Ndugu yetu wa Jang'ombe ameuliza mambo mawili. Kwanza, wale watu wenye glavu, ndoo na kamba aliowaona asubuhi mtaroni wanapima nini. Pili, kama kweli maji machafu yanaweza kueleza kuwa mtaani kuna maradhi kabla mgonjwa hata mmoja hajafika spitali. Walionitangulia kujibu, mmoja kasema ni kipindupindu tu, mwengine kasema wanasaka wenye ukimwi. Mimi nimefanya kazi ya afya ya mazingira hapa Unguja kwa miaka, na kuchota maji hayo ilikuwa sehemu ya kazi, kwa hiyo mtanistahamilia nikiandika kwa urefu.

La ukimwi tuliondoe mapema kwa sababu linatia watu hofu bure. Maji ya mtaro mkubwa yamechanganya choo cha maelfu ya watu, na hakuna mashine inayoweza kuyarudisha kwa mwenyewe. Hakuna jina, hakuna nyumba. Virusi vinavyotafutwa ni vile vinavyotoka kwa wingi na kinyesi: polio, homa ya ini aina ya A, rotavirusi na norovirusi vinavyoharisha watoto, na tangu mwaka 2020 korona pia. Kipindupindu ni bakteria, naye hutafutwa humo humo, lakini kwa njia nyengine.

Kwa nini mtaroni badala ya spitali? Polio inaeleza vizuri kuliko maradhi mengine yote. Katika watu 200 walioambukizwa, takriban mmoja tu ndiye anayepooza. Wengi katika waliobaki hawahisi kitu, na wengine hupata homa ndogo ikapita. Lakini wote hao hutoa virusi chooni kwa wiki kadhaa. Kwa hivyo ukikaa spitali ukimsubiri mtoto aliyelegea mguu, siku atakapoletwa ujue nyuma yake wamo mia na zaidi ambao hukuwaona, wanacheza, wanakwenda skuli na chuoni, wanapanda boti kwenda Dar.

Tazameni yaliyotokea kwa jirani. Agosti 2020 kanda ya Afrika ilithibitishwa kuwa imeondokana na polio ya asili. Februari 2022 Malawi ikatangaza mtoto wa Lilongwe aliyepooza kwa polio hiyo hiyo. Kirusi chake kilipochunguzwa kikakutwa kina undugu na virusi vya Pakistani, na kilikuwa kimeshatembea muda mrefu bila kuonekana. Baadaye mwaka huo kikajitokeza Msumbiji. Mwaka 2023 ikawa zamu ya mkoa wa Rukwa, huko Bara, ingawa hiyo ilikuwa polio ya aina ya pili iliyotokana na kirusi dhaifu cha chanjo ya matone kilichobadilika kikapata nguvu. Yote haya yalijulikana kwa mtoto aliyekwisha kupooza, na mguu ule haurudi.

London, mwaka ule ule wa 2022, walipata habari kwa njia nyengine. Mtambo wao wa Beckton unapokea maji machafu ya watu wapatao milioni 4. Kuanzia Februari sampuli za pale zikawa zinaonyesha kirusi cha polio cha aina ya pili, zikirudia. Hapakuwa na mtoto aliyepooza jijini. Ilipofika Agosti wakaamua kila mtoto wa London wa umri wa mwaka 1 hadi 9 apewe dozi ya ziada. Na ujuzi wenyewe ni wa zamani: wakati wa mlipuko wa polio wa 1939 huko Charleston, Marekani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walikwishaonyesha, kwa kuwadunga kima, kuwa kirusi kimo ndani ya maji machafu ya mji.

Sasa hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu nasikia watu wakisema "tuleteeni mashine kama za London, na sisi tutajua." Mashine si shida kubwa. London ina bomba, na kila tone la choo linajulikana linakopita. Sisi Zanzibar, Mji Mkongwe una mabomba ya zamani yanayomwaga baharini. Ng'ambo, yaani mitaa ya mji iliyo nje ya Mji Mkongwe, karibu yote ni karo (mashimo yanayopokea maji ya choo cha nyumba) na vyoo vya shimo. Karo likichimbwa kwenye jiwe la matumbawe, maji yake huteremka chini na huyaoni tena (na virusi huteremka nayo, ndiyo maana kisima kilicho karibu na karo sikiamini hata maji yake yawe meupe vipi). Shirika la Afya Duniani linapendekeza kituo kimoja cha kuchotea maji kiwakilishe watu 100,000 hadi 300,000. Sensa ya 2022 ilihesabu Zanzibar nzima watu 1,889,773, karibu nusu yao wakiwa Mjini Magharibi. Wapi utapata pahala pamoja panapopita choo cha laki moja ya watu hao?

Jibu ni kuutembelea mtaro kwa miguu. Mitaro ya mvua ya mjini, kwa jina, ni ya mvua. Kwa kweli inabeba maji ya kuogea, ya kufulia, na ya karo zilizojaa, kwa sababu wako walioziunga kwa bomba linalotoka chini ya ukuta. Ndiyo hali, na siilaumu nyumba yoyote. Gari la kunyonya ni ghali na karo la watu kumi na tano halikai muda likajaa. Lakini mwenye bomba hilo hawezi kumwambia mtu wa afya, anaogopa faini. Ukienda peke yako na fulana ya mradi, utaambiwa mtaro huu hauna kitu, maji haya ya mvua. Ukienda na sheha, ukakaa barazani, ukaeleza kuwa hakuna atakayeandikwa, mambo yanafunguka. Bibi mmoja wa Magomeni alitutembeza asubuhi nzima akituonyesha kila bomba na linakotoka, na pahala ambapo mitaro miwili inakutana chini ya daraja la zege. Ramani tuliyopewa ofisini haikuwa na nusu ya aliyoyajua. Kituo tulichokiweka pale chini ya daraja ndicho kilichokuwa kinatupa majibu yanayoeleweka kuliko vyote.

Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu nimeona mradi mmoja, sitoutaja, ukichota maji pahala palipokuwa karibu na barabara kwa vile gari inafika. Maji yalikuwa ya gereji na ya mamalishe wawili. Majibu yakaja safi, ripoti ikaandika kuwa wilaya haina virusi. Huo ni upotofu wa kuumiza watu. Jibu la "hakuna" lina maana tu ikiwa unajua maji ni ya nani.

Baada ya pahala kuna wakati. Miongozo inasema uchote asubuhi mapema watu wanapotumia vyoo kwa wingi, na kwetu hiyo ni baada ya sala ya alfajiri hadi kama saa moja na nusu. Mwezi wa Ramadhani hubadilika kabisa. Watu wamekula daku, wengi wanarudi kulala, na mtaro uliozoea kuujua saa kumi na mbili unakuta umepwelea. Inabidi ratiba ifuate maisha ya watu. Masika nayo huharibu: mvua ikinyesha usiku, kirusi kilichokuwemo kimezimuliwa na maji ya mapaa ya mji mzima. Na kwa upande wa Mji Mkongwe lazima ujue bahari. Wakati wa bamvua, maji yakijaa, bahari hurudi ndani ya bomba, na unachochota ni nusu chumvi. Tukawa tunapanga kuchota maji yakiwa yanakupwa. Aliyetufundisha hilo ni mvuvi wa Malindi, maana kitabu cha maabara hakikuwa na habari za bamvua.

Kuna njia ya kupima kama maji uliyoyapata yana choo cha watu cha kutosha au ni maji tu. Maabara nyingi duniani hutafuta kirusi kimoja cha mpilipili. Hakimdhuru binadamu, ni maradhi ya mmea, lakini tunakila kwenye pilipili na achari na sosi na kinatoka chooni kizima. Kikiwa kingi ndani ya sampuli, choo kimo. Kikiwa haba na kirusi unachokitafuta hakipo, usiseme mtaa ni salama, sema sampuli haifai.

Maabara nitaipita kwa haraka kidogo. Unachota kama lita moja, unaifunga, unaiweka kwenye boksi la barafu, ibaki nyuzi 4 hadi 8. Joto letu ni adui hapa, hasa kwa korona, ambayo ganda lake la mafuta huvunjika upesi na kinachopatikana ni vipande vya urithi wake wa vinasaba tu. Vipande hivyo havimwambukizi mtu, lakini vinatosha kusema imepita. Waholanzi walivikuta kwenye maji machafu ya miji yao mwanzoni kabisa mwa 2020. Polio haina ganda hilo, ni ngumu, huvumilia. Kwa polio nusu lita hukolezwa mpaka vibaki vijiko vichache vya maji mazito, kisha hutiwa kwenye seli hai za aina mbili. Moja ni seli za panya zilizotiwa kipokezi cha binadamu, yaani mlango ambao polio huingilia, kwa sababu panya wa kawaida hapati polio. Zikifa seli hizo, kuna jambo. Hapo tena husomwa urithi wa kirusi herufi kwa herufi. Kwa miaka mingi sampuli za polio za Tanzania zimekuwa zikipelekwa Entebbe, Uganda, kwa hiyo kutoka mtaroni mpaka kwenye jibu ni wiki. Wanaodhani utachota leo ukajua kesho wapunguze matarajio.

Na jibu likija linataka mtu wa kulisoma. Baada ya kampeni ya matone, kukuta kirusi cha chanjo mtaroni ni jambo la kutarajiwa, maana watoto wamekunywa na wamekitoa. Cha kutisha ni kile kilichoanza kubadilika. Aina ya pili iliondolewa kwenye matone ya kawaida duniani kote Aprili 2016, kwa hiyo ikionekana lazima iulizwe imetoka wapi. Kipande kinachosomwa kina herufi kama 900, na kwa aina ya pili zikishabadilika 6 au zaidi, hesabu yake ni kuwa kirusi kimekuwa kikipita kwa watu, mmoja baada ya mwengine, kwa miezi. Hapo ndipo unapotafuta shehia ambazo watoto wake hawakupata chanjo.

Pemba hali ni ngumu zaidi, kwa sababu nyumba nyingi ni za vyoo vya shimo na hakuna mtaro wa kuunganisha mji. Lakini ina maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri pale Wawi, Chake, tangu mwaka 2000, na watu wake wanajua kazi. Rai yangu kule ni kuacha kuiga vituo vya mjini. Chukueni karo za skuli kubwa, karo za bandari ya Mkoani na za spitali, mkijua kila moja inawakilisha nani. Karo la spitali litaonyesha waliougua wakafika. La skuli litaonyesha watoto wazima, na hao ndio tunaowataka kwa polio. Kwa Unguja ningeongeza vyoo vya ndege pale uwanja wa Karume. Marekani na Australia wameshapima maji ya vyoo vya ndege, na sisi tunapokea wageni wa dunia nzima kila siku.

Limebaki moja ambalo ndilo linaloniuma. Watu wa mitaani walitusaidia, walitufungulia mifuniko, walituazima kamba, halafu majibu hayakurudi kwao. Yalikwenda kwenye ripoti. Wengine wanahofu kuwa ukitaja shehia utaitia aibu, kama ilivyokuwa wakati wa kipindupindu watu walipoacha kununua urojo wa mtaa fulani. Hofu hiyo naielewa. Lakini sheha anaweza kuambiwa, na sheha anaweza kuwaambia akina mama wenye watoto chini ya miaka mitano wawahi kituo, bila ya jina la mtaa kutangazwa redioni.

Kwa hiyo ndugu wa Jang'ombe, ukiwaona tena wasogelee, hawana siri. Waulize mambo matatu: wanatafuta kirusi gani, mtaro wanaouchota wanaamini unabeba choo cha mitaa ipi, na jibu watamletea nani. Kama mtaro wenu una kiungo wasichokijua, waonyesheni. Na kama kuna mtu humu aliyeshiriki zoezi la Kikwajuni au Mpendae miaka hii ya karibuni, naomba aseme vituo vyao viliwekwa wapi, maana ningependa kujua kama ule mtaro wa chini ya daraja bado unachotwa.