Somo la kuchangia figo kwa vijana wa ufundi: kwa mwalimu anayeanza

Ukiajiriwa leo kwenye chuo cha ufundi stadi hapa Dodoma, na huna karakana ya kusimamia, jiandae: utakabidhiwa stadi za maisha. Wenzako wa umeme, magari na uchomeleaji wana mashine zao. Wewe utabaki na vipindi vya saa nane mchana, bati limeshika moto, na mada ambazo wengi wanaziona za kupitisha muda. Mojawapo ni hii ya kuchangia viungo vya mwili. Usiikwepe, na usiigeuze mahubiri.

Vitini vya Ulaya vimejaa mtandaoni. Visome wewe, usivinakili ubaoni. Huko kijana anaulizwa: ukifa, viungo vyako vichukuliwe? Ujerumani kijana wa miaka 16 anaweza kujaza kadi ya kukubali, na akiwa na miaka 14 tu anaweza kuandika kwamba hataki. Wales tangu Desemba 2015, na England tangu Mei 2020, mtu mzima ambaye hakuandikisha kukataa huhesabiwa amekubali, ingawa familia bado inahusishwa. Ni vizuri kuyajua, lakini kijana wako wa Nzuguni au Kizota hataletewa kadi. Muhimbili walianza kupandikiza figo Novemba 2017 wakishirikiana na madaktari kutoka India. Machi 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa, hapa hapa kwetu upande wa Chuo Kikuu cha Dodoma, nayo ikaanza kwa msaada wa Wajapani. Kabla ya hapo wagonjwa walipelekwa nje, hasa India. Figo hizo hutolewa na ndugu walio hai. Kwa hiyo atakayemuuliza kijana wako ni baba mkubwa, sebuleni, kaka mtu amelala chumbani miguu imevimba, na macho ya ukoo yote yameshamwelekea yeye kwa kuwa ana afya na “bado hana majukumu”.

Kama somo lako halimwandai kwa kikao hicho, umemfundisha mambo ya watu wengine. Kazi yako si kutafuta wachangiaji. Kazi yako ni kijana aweze kusema ndiyo akijua anachokikubali, au hapana bila kulazimika kutoroka nyumbani. Wajerumani wameiruhusu hapana miaka miwili kabla ya ndiyo, na mimi hupenda kuanzia hapo.

Kipindi cha kwanza weka chaki chini. Waache waseme walichosikia mitaani. Watakuja na mumiani, wale wa kukamata watu usiku na kuwakamua damu, ambao bibi zao walitishwa nao tangu enzi za mkoloni. Watakuja na mauaji ya watu wenye ualbino. Watakuja na ile hadithi ya kwenye simu ya mtu aliyezinduka hotelini ndani ya beseni la barafu, ubavu umeshonwa. Usicheke. Oktoba 2016, kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, watumishi watatu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, waliuawa na wanakijiji waliowadhania kuwa wanyonya damu. Walikuwa wamekuja kuchukua sampuli za udongo. Inawezekana kabisa una mwanafunzi anayetoka vijiji vya upande ule. Ukiuita uvumi huo ujinga mbele yake, atanyamaza, na wenzake watanyamaza, na utabaki unaongea peke yako hadi kengele.

Njia inayofaa ni kuwauliza kama mafundi: ili figo ya mtu mmoja ifanye kazi kwa mwingine, vinahitajika vitu gani? Waache waorodheshe, wewe ongeza wanachokosa. Kundi la damu linaloendana. Kipimo cha kuchanganya damu ya wawili kuona kama kinga ya mpokeaji itaishambulia figo. Chumba cha upasuaji, watu wa usingizi, madaktari wa kutoa na wa kupandikiza, mpokeaji aliyeandaliwa, dawa za kila siku baada ya hapo. Orodha ikifika mwisho, beseni la barafu linakufa lenyewe. Hapo ndipo uwaambie sehemu ya kweli: biashara haramu ya figo ipo duniani, ila hufanyika hospitalini, na madaktari waliolipwa, kwa mtu aliyekwenda kwa miguu yake baada ya kuahidiwa pesa au kazi.

Hilo litaleta swali ambalo haliwezi kukosa: “Ticha, figo bei gani?” Darasa litaangua kicheko, lakini yupo mmoja ambaye hacheki. Jibu kwa utulivu kwamba kuuza kiungo ni marufuku karibu dunia nzima. Iran ndiyo inayojulikana kwa kumruhusu mchangiaji wa figo kulipwa chini ya utaratibu wa serikali. Itaje wewe kabla hawajaipata kwenye simu wakakuona mwongo. Kisha wape kisa cha China: mwaka 2011 kijana wa miaka 17 aliuza figo, akanunua simu na tableti za Apple. Afya yake iliharibika vibaya, na waliompasua na waliomtafutia mteja walifikishwa mahakamani. Itifaki ya Palermo, makubaliano ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000, inataja kuondolewa viungo kuwa moja ya sura za usafirishaji haramu wa binadamu. Kwa vijana wetu wanaoota michongo ya kazi Uarabuni na Asia, hili liseme mara mbili: wakala anayelipia pasi na nauli, halafu anataka upimwe kundi la damu na figo kabla hata hujaambiwa kazi yenyewe ni ipi, mkimbie.

Ukishavuka hapo, ingia kwenye mwili wenyewe, na hapa usiwe na haraka, kwa sababu vijana wa ufundi ndipo wanapoamka. Waandikie namba mbili tu: figo huchuja takriban lita 180 kwa siku, na mkojo wa siku ni kama lita moja na nusu. Nyingine inakwenda wapi? Fundi bomba atataka kujua mpaka apate jibu kwamba karibu yote inarudishwa kwenye damu, kinachotupwa ni taka na maji ya ziada. Waeleze presha na kisukari vinavyochakaza vichujio hivyo polepole, mtu bila kuhisi chochote kwa miaka. Waeleze mashine ya kusafisha damu: kawaida mara tatu kwa wiki, kila mara kama saa nne. Mgonjwa anayetoka Kondoa au Mpwapwa, nauli peke yake inamaliza mifugo.

Halafu chora upandikizaji. Wengi wanaamini figo mbovu inang'olewa na mpya inawekwa palepale. Sivyo. Za zamani kwa kawaida huachwa mahali pake mgongoni, na mpya huwekwa chini ya tumbo, karibu na nyonga, ikaunganishwa na mishipa mikubwa ya damu inayokwenda mguuni na mrija wake ukapelekwa kwenye kibofu. Mwanafunzi mmoja wa bomba alisema, “Kumbe ni kufunga pampu mpya pembeni bila kung'oa ile iliyokufa.” Sijawahi kupata maelezo mafupi kuliko hayo, na mpaka leo nayatumia.

Kwenye hatari, usipake rangi. Figo inayobaki kwa mchangiaji hukua kidogo na kubeba sehemu kubwa ya kazi ya iliyoondoka. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliofuatilia wachangiaji wa kati ya 1994 na 2009, waliofariki ndani ya siku 90 baada ya upasuaji walikuwa takriban 3 katika kila 10,000. Ni wachache, si sifuri. Uwezekano wa mchangiaji mwenyewe kupata ugonjwa wa figo baadaye unaongezeka kidogo, na kwa msichana presha ya ujauzito nayo inakuwa na nafasi kubwa zaidi. Wasichana wa ushonaji na upishi wana haki ya kulisikia hilo mapema, wala si la kuambiwa pembeni na shangazi. Upande wa mpokeaji, dawa za kutuliza kinga ni za kila siku muda wote figo inapofanya kazi, na figo yenyewe inaweza kuchoka baada ya miaka. Ukitaka mfano wa kutia moyo usio wa kubuni, upo: upandikizaji wa kwanza wa figo uliofanikiwa ulifanyika Boston tarehe 23 Desemba 1954, chini ya daktari Joseph Murray. Ronald Herrick alimpa pacha wake Richard. Richard aliishi miaka minane zaidi. Ronald, na figo yake moja, aliishi mpaka 2010.

Damu inafundishika kwa nusu kipindi. Mchangiaji awe na miaka 18 au zaidi, kilo 50 kwenda juu, mwanaume kila baada ya miezi mitatu, mwanamke minne, na hakuna malipo. Watu wa Damu Salama wakialikwa chuoni huja. Ila wanafunzi wako wengine wana miaka 16. Waambie mapema kwamba hawatatolewa damu, wasijipange foleni kwa ajili ya soda.

Kifo cha ubongo ni kazi ngumu zaidi, na kitaulizwa hata kama hapa kwetu figo zinatoka kwa walio hai. “Moyo unapiga, mnasemaje amekufa?” Mpe nafasi kijana wa umeme. Moyo una chanzo chake cha umeme, haungojei amri ya ubongo ili upige. Mashine ya kupumulia ikiendelea kuleta oksijeni, unaweza kuendelea kwa muda huku ubongo wote umekufa na haurudi. Aliye kwenye koma ubongo wake ungali hai, ndiyo maana wengine huzinduka. Watofautishe hao wawili mpaka waweze kukueleza wao. Kisa cha Cape Town cha Desemba 1967 kinasaidia: Denise Darvall, msichana wa miaka 25, aligongwa na gari, na baba yake ndiye aliyepaswa kuamua usiku uleule kama moyo wa binti yake utolewe. Christiaan Barnard akaupandikiza kwa Louis Washkansky, aliyeishi siku 18. Darasa litataka kumzungumzia daktari. Warudishe kwa baba, kwa sababu hakuna aliyekuwa amewahi kumuuliza Denise angetaka nini. Kabla ya kipindi hiki tafuta kujua kimyakimya kama kuna aliyefiwa karibuni kwa ajali. Kwa jinsi bodaboda zinavyokwenda barabara ya Singida na ya Morogoro, karibu kila darasa lina mmoja.

Dini usijifanye mjuzi. Baraza la fiqhi la nchi za Kiislamu lilipokutana Jeddah mwaka 1988 lilikubali upandikizaji kwa masharti, na Papa Yohane Paulo II aliuzungumzia kwa kuunga mkono mbele ya wataalamu wa upandikizaji Roma, Agosti 2000. Wape hayo, kisha kila mmoja akamuulize sheikh, padri au mchungaji wake. Ubishi wa dini darasani haujawahi kunisaidia kufundisha figo.

Sasa kile kikao. Kifanye kama igizo: mgonjwa, mama, baba mkubwa, shangazi, na ndugu watatu wanaoweza kuchangia, mmoja ameajiriwa, mmoja ana mke na watoto, mmoja yuko chuoni. Usiwape maneno. Mara nyingi ukoo wa darasani humwangukia wa chuoni ndani ya dakika chache, na sababu zinazotolewa ni zilezile za nyumbani kwao: mwenye kazi anatulisha, mwenye watoto ataacha yatima, wewe mdogo wetu ni mtu mzuri. Igizo lisimame hapo, na umuulize aliyechaguliwa: umeulizwa, au umepangiwa? Kisha badilisheni nafasi, yule aliyekuwa baba mkubwa akae kwenye kiti cha kijana. Kijana wa Kigogo aliyelelewa kuwasikiliza wakubwa hatamwambia baba mkubwa “sitaki”, na usimfundishe hivyo, hatalitumia. Mfundishe sentensi inayosemeka: “Baba, nimesikia. Naomba kwanza nipimwe, na nizungumze na daktari peke yangu.” Hilo hakuna mzee atakayelikataa kwa heshima. Na wajue kwamba daktari anayefuata maadili humhoji mchangiaji bila ndugu kuwepo, kwamba ridhaa inaweza kuondolewa mpaka mlangoni mwa chumba cha upasuaji, na kwamba hospitali nyingi duniani humwambia mgonjwa tu kuwa ndugu huyu hafai kuchangia, bila kutaja kwamba alikataa. Marekani kila kituo cha upandikizaji kinatakiwa kuwa na mtu wa kumsimamia mchangiaji peke yake, asiyehusika na matibabu ya mpokeaji.

Usiwaambie wanyooshe mikono nani angechangia. Mkono ulionyooshwa mbele ya wenzake si uamuzi. Usipige picha za igizo kwa ajili ya ukurasa wa chuo. Na kwenye mtihani pima wanachokijua, kamwe si walichoamua.

Baada ya kipindi kuna mmoja atakayebaki anapanga viti ambavyo tayari vimepangika. Mama anasafishwa damu, au kaka. Usimshauri. Kaa naye muandike maswali ya kwenda nayo hospitali: vipimo vyangu ni vipi na nani analipia, majibu ataambiwa nani, nikijirudi itakuwaje, nitafuatiliwa kwa muda gani. Vijana wa uashi na useremala waongeze moja ambalo wazee wa kikao hawalikumbuki: nitakaa muda gani bila kunyanyua kizito? Kawaida ni wiki nne hadi sita, wakati mwingine zaidi, na kwa anayeishi kwa kubeba mifuko ya saruji lazima ukoo uamue mapema nani atamlisha muda huo.