Onyo la git pull

SWALI: Kila nikiandika git pull (amri ya kuvuta na kuunganisha kazi ya wenzangu), Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, inanimwagia onyo refu, hata pasipo na kazi mpya ya kuunganisha. Nimeharibu nini? – Msomaji, Ngamiani, Tanga

JIBU: Hujaharibu kitu, ndugu yetu. Toleo 2.27 la Git, la mwaka 2020, ndilo lililoanza kukutaka uchague jinsi ya kuunganisha matawi (mikondo ya kazi, wako na wa wenzako) yakiachana, yaani kila upande ukiwa na kazi mpya ambayo mwingine hauna, nalo lilionya hata matawi yasipoachana, kero tupu. Sifa moja ya onyo hilo: linakupa amri za kunakili. Kubaki na tabia ya zamani, ya kuunganisha tu matawi mawili (merge), andika:

git config --global pull.rebase false

Ukiweka true badala ya false, kazi yako hupangwa upya juu ya ya wenzako. Sisi tunapenda git config --global pull.ff only: matawi yakiachana, inagoma, unaamua mwenyewe. Chagua kabla ya kusasisha, maana kuanzia toleo 2.33.1 matawi yaliyoachana bila chaguo hukataliwa kabisa, na skripti za usiku (amri zinazojiendesha bila mtu) hukwama hapo.