Maswali yenu: stika ya darasa, maji ya bamvua na dirisha lenye nondo

Habari zenu nyote. Maswali ya mara hii yametoka Malindi na Lamu, karibu yote ni ya usalama wa watoto shuleni na kwenye simu, nimechukua matano.

Mama wa Shela, Malindi: Binti yangu yuko gredi ya nane. Kuna grupu la WhatsApp la darasa lao, mtu alimpiga picha akiwa anakula akaifanya stika na maneno machafu juu, sasa kila akiandika kitu wanamrushia hio stika. Kila Jumatatu asubuhi anasema tumbo linamuuma. Shule wanasema limetokea nyumbani, haliwahusu. Nimnyang'anye simu?

Usimnyang'anye dadangu, nakuomba. Watafiti wameuliza watoto nchi nyingi kwa nini hawawaambii wazazi mambo ya mtandaoni na jibu linalorudi sana ni hilohilo, wanaogopa simu itachukuliwa. Ukiichukua, yeye ndio ameadhibiwa na aliyetengeneza stika bado yuko na simu yake. Na hilo tumbo usiliite uvivu, mtoto anayeonewa mara nyingi mwili ndio unasema kabla ya mdomo.

Sasa hao wanaosema haliwahusu. Dan Olweus, mtafiti wa uonevu wa Norway, aliyeanza mradi wake wa kuzuia uonevu kwenye shule za Bergen mwaka 1983, alifundisha tutazame mambo matatu: kitendo ni cha makusudi, kinarudiwa, na anayeonewa hana nguvu sawa na wanaomuonea. Stika moja ikirushwa na watoto kumi usiku mmoja si kurudiwa huko? Na hao kumi ndio haohao anaokaa nao darasani kesho yake, vipi tena haliwahusu? Rudi shule, usiende kugombana, nenda na skrinshoti zinazoonyesha namba na tarehe, muone mwalimu wa darasa pamoja na wa ushauri nasaha, na uwaambie waziwazi unataka nini: kila mtu aifute hio stika, grupu liwe na mtu mzima ndani ama lifungwe, na wazazi wa wale wawili watatu wanaoongoza waitwe faragha. Usikubali asimamishwe mbele ya paredi eti wenzake wamuombe msamaha, hapo ataaibishwa mara ya pili na shule nzima ikitazama.

Sheria ya Kenya ipo, ya makosa ya kompyuta na mtandao ya 2018, kifungu cha 27, faini yake inafika shilingi milioni 20 ama kifungo cha hadi miaka 10, lakini hawa ni watoto wenzake, mimi ningeanza na shule na wazazi. Ila ikiwa kuna picha ya utupu, ama kuna mtu mzima nyuma ya jambo, hapo hakuna vikao. Picha hio usimtumie mtu yeyote hata shangazi yake, chukua simu yenyewe upeleke polisi, na piga 116, ni laini ya watoto, ni bure na iko wazi usiku na mchana.

Mwanafunzi wa sekondari, Lamu: Shikamoo. Rafiki yangu anatukanwa kwenye grupu letu na mimi nimenyamaza, naogopa watanigeukia. Nifanye nini?

Marahaba mwanangu. Si lazima upigane nao mbele ya grupu. Ufini wana programu inaitwa KiVa, imetoka Chuo Kikuu cha Turku, na imejengwa juu ya jambo hili: anayeonea anatafuta watu wa kumtazama na kumchekea, wakikosekana nguvu zake zinapungua. Kwa hivyo usicheke, usiforwadi, alafu mtumie rafiki yako meseji pembeni leo hii, "nimeona, wamekukosea, niko na wewe". Kisha mwambieni mtu mzima mmoja mnayemuamini, mwende wawili.

Mwalimu, Lamu: Tunaambiwa tufanye mazoezi ya majanga na silabasi yenyewe haijaisha. Tsunami yenyewe ilikuja 2004, kuna haja kweli?

Mwalimu, ipo, na wewe ndio mwenye ufunguo. Siku hio ya tarehe 26 Desemba 2004, msichana wa Kiingereza wa miaka 10, Tilly Smith, alikuwa ufukweni Phuket, Thailand, na wazazi wake, akaona bahari inatoka povu kama alivyofundishwa kuwa ni dalili ya tsunami kwenye somo la jiografia wiki mbili nyuma, akapiga kelele mpaka ufuo ukahamwa, watu kama mia wakapona. Tsunami ya Japani 2011, mji wa Kamaishi, wanafunzi karibu 3,000 walikuwa wamezoezwa kukimbilia juu bila kungoja kuambiwa, na karibu wote walinusurika. Shule ya Okawa, janga lilelile, watoto walikaa uwanjani kama dakika 50 na kilima kiko nyuma yao, wakafa 74 kati ya wanafunzi 108 wa shule hio. Mimi kila nikisoma habari ya hao wa Okawa nakosa la kusema.

Sisi 2004 tulipata bahati ya umbali, wimbi lilichukua masaa kama tisa kutoka Sumatra, Indonesia, hadi huku, watu wakaondolewa fuoni, Kenya akafariki mtu mmoja na Somalia karibu 300. Wafundishe kwa bahari wanayoijua. Maji ya bamvua yanatoka mbali sana lakini yanatoka pole pole kwa masaa sita, mtoto wa Lamu anajua. Yakitoka kwa dakika chache na si wakati wake, hakuna kuokota samaki wala kupiga picha, ni kukimbia bara ama kupanda ghorofa ya juu ya jengo imara, na kukaa hukohuko kwa sababu wimbi la kwanza si lazima liwe kubwa zaidi. Dakika ishirini kila muhula hazitaua silabasi.

Baba, Lamu: Wanangu wanavuka kwa boti kwenda shule, laifu jaketi ziko lakini wanazikalia.

Nahodha asiwashe injini mpaka kila mtoto ameivaa na kuifunga, hasa miezi ya kusi bahari ikichafuka. Wazazi mkikubaliana kwa pamoja atafuata.

Mzazi, Malindi: Bweni la mwanangu lina nondo madirishani, wanasema ni kwa ajili ya wezi.

Hili linanikasirisha. Shule ya wasichana ya Bombolulu, pwani yetu hii, Machi 1998 waliungua wasichana 26 bwenini. Shule ya Kyanguli, Machakos, 2001, wavulana 67, mlango mmoja umefungwa na madirisha yana vyuma. Mwongozo wa usalama wa wizara ya elimu wa 2008 unasema madirisha ya bweni yasiwe na nondo, milango ifunguke kwa nje na isifungwe kwa nje watoto wakiwa ndani, na kati ya kitanda na kitanda iwe mita 1.2. Wezi wanazuiwa na ukuta na mlinzi. Siku ya wazazi ingia bwenini na wenzako, sukumeni mlango, pimeni nafasi ya vitanda, pigeni picha za hizo nondo, alafu mwandikie bodi ya shule barua yenye sahihi zenu wote na nakala iende ofisi ya elimu ya kaunti ndogo.